Lebo ya Kwaya

Hadija na Baraka, mliniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa namna ya kutambua santuri feki, mpate kuubandika ukutani nyuma ya kaunta. Nimejaribu mara tatu, mara tatu nimechana karatasi. Kazi hii haienei kwenye ukurasa mmoja, na anayetaka kuifanya kwa kusoma ukutani atalizwa na kila tapeli anayeshuka stendi ya Msamvu. Kwa hiyo nitawaandikia nilivyoifanya mimi, tangu siku ya kwanza, na nitawaeleza pia lile kosa langu ambalo mmelisikia nusunusu kwa watu mkaona haya kuniuliza. Mambo ya cheti na vitenge nilivyopewa siku ya kuniaga sitayaandika. Vitenge navaa, cheti kimeshaliwa na panya.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa marehemu Mzee Kibwana, aliyekuwa akitengeneza redio na kuuza santuri katika chumba kimoja nyuma ya soko kuu la Morogoro. Mama yangu alitaka nijifunze ushonaji. Nilifika asubuhi nimevaa viatu vya kuazima vinavyobana, nikamkuta mzee ameinamia meza, sikio lake karibu liguse santuri inayozunguka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyamaza kwanza."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Wimbo ulipokwisha alinipa beseni, pamba na rundo la santuri zenye koga, kwa maana unyevu wa milima yetu hauachi kitu salama, akasema nioshe. Niliosha mwaka mzima. Maji ya mvua yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni, unafuata mzunguko wa mistari, hukatizi. Kuna watu waliokuwa wakisafisha kwa mafuta ya taa ili zing'ae. Mzee Kibwana aliwaita wauaji, na mimi naendelea kuwaita hivyo hivyo.

Watu wamenichosha kwa swali moja: "Bi Mwana, wewe mwanamke wa Kiislamu, tena Mluguru wa Mlali, uliingiaje kwenye makelele ya roki?" Jamani, niliingia kama mtu anavyoingia kwenye kazi yoyote, nilipewa. Wahandisi wa kigeni waliokuwa kwenye mashamba ya miwa walipomaliza mikataba yao waliacha masanduku ya santuri, na mengi yalikuwa roki. Mzee Kibwana alijiwekea dansi na taarabu, roki akanisukumia mimi. Alisema ile miziki inamuuma meno. Mwanzoni hata mimi iliniuma. Halafu siku moja nikajikuta napika ugali huku mwiko unafuata gitaa, nikajua basi, nimekwisha.

Tena msidhani roki ilikuwa ya wageni peke yao. Vijana wa hapa nao walishika magitaa ya umeme, wakavaa suruali pana zinazofagia barabara, wakapiga mpaka wazee wakaenda kushtaki kwa mwenyekiti. Bendi moja ya hapa mjini, Radi ya Mindu, ilikwenda hadi Nairobi ikarekodi santuri moja. Nakala zilitolewa chache, bendi ikasambaratika, basi. Wakati ule hakuna aliyejali. Leo mtu anavuka bahari kuitafuta.

Kaseti zilipokuja zilitufagia. Wenzetu waligeuza santuri vifuniko vya mitungi, wengine wakazipasha moto wakafinyanga mabakuli ya maua. Mzee Kibwana alifariki katika miaka hiyo, akaniachia chumba, meza na ile lenzi yake ya kukuzia. Nilibaki mwenyewe na mbu. Ndugu zangu walinishauri niuze sabuni. Nikawaambia nitauza sabuni siku nitakayozikwa, nikaendelea kuosha. Nilikuwa mkaidi, sikatai, na huo ukaidi ndio uliolifikisha duka mikononi mwenu.

Kisha wakaanza kuja watafutaji, wa Dar na wa nje, na nyuma yao wakaja wezi. Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwizi wa santuri hana kanda ya asili iliyotoka studio. Ana santuri kuukuu ya mtu, anainakili sauti, anapiga picha kava lake, anachapisha upya. Kwa hiyo anarithi magonjwa yote ya ile kuukuu. Utasikia mchakacho kwenye spika, lakini ukiiangalia sahani kwenye mwanga ni laini kama imetoka kiwandani leo. Mkwaruzo unaosikika na hauonekani, huyo ni mwizi. Kava nalo, weka lenzi: utaona picha imekuwa vitone vitone, na mikunjo ya kava la zamani imo ndani ya picha, ukipapasa kwa kidole hakuna mkunjo. Bwana mmoja aliniletea makava matatu, kila moja lina alama ya kikombe cha chai pembeni, mahali pale pale. Nikamwuliza, "Hawa watu watatu walikuwa wanakunywa chai pamoja?" Alikusanya vitu vyake hakuaga.

Lakini mwalimu wangu alinisisitizia kitu kimoja kuliko vyote. Kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya katikati, ile lebo, kuna utepe laini usio na muziki. Hapo fundi wa kiwanda huchora namba kwa mkono, kwa ncha kali. Mwandiko wa mtu ni mwandiko wa mtu. Mzee Kibwana alikuwa akisema, "Mwanahamisi, usitoe neno lako kabla hujasoma mwandiko." Aliyasema hayo mara nyingi mpaka nikawa namkatiza: ndiyo mzee, nimesikia mzee.

Mwaka wa mwisho kabla sijastaafu, feki za Radi ya Mindu zilimwagika. Zilitengenezwa nje, kava linang'aa, na majina ya wapigaji yameondolewa yote, nadhani ili asitokee mtu wa kudai chake. Mteja wangu wa miaka mingi aliuziwa moja akiambiwa kwamba mimi nimeithibitisha. Nilikasirika hadi nikakosa usingizi. Nikaapa kwamba santuri yoyote ya Radi ya Mindu itakayoingia dukani itapita kwenye tanuri langu.

Katikati ya hasira hizo akaja Thekla.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, amepakata mfuko wa kaki kifuani kama mtoto mgonjwa. Duka lilikuwa na watu, wakiwemo akina mama wawili wa Mkuyuni waliokuja kutengeneza redio. Walifahamiana naye, wakasalimiana.

"Shikamoo, mama. Natokea Mkuyuni," aliniambia. "Baba yangu anaitwa Kosmas Kobelo. Alikuwa anapiga gitaa la solo Radi ya Mindu. Hii ni santuri yao."

"Marahaba, mwanangu. Wapigaji wa Radi ya Mindu wamekuwa wengi siku hizi," nilimjibu. Watu wakacheka. Sikupaswa kusema vile.

Yeye hakucheka. "Huko kwetu wanamwita muongo, mama. Tangu mimi mdogo. Wajomba zangu wakilewa humwambia, 'Kosmas, hebu tupigie gitaa lako la Nairobi,' nyumba nzima inaangua kicheko. Gitaa lenyewe aliliuza nilipozaliwa. Mimi ndiye namtetea. Sasa miguu inakataa, hatoki sana, na wajukuu nao wameanza. Nataka uniandikie kwamba ni ya kweli, nikawasomee."

Niliitoa santuri. Haikuwa na kava. Na katikati, badala ya lebo ya Radi ya Mindu, palikuwa na lebo ya kwaya ya kanisani. Tena si lebo ya kiwanda iliyokaa mahali pake. Ilikuwa imekatwa na kubandikwa kwa mkono juu ya duara pana la karatasi ya kaki, gundi imefura, na hiyo kaki imeufunika ule utepe laini wote. Niliweka sindano. Ni kweli, uliopigwa ulikuwa wimbo wa Radi ya Mindu. Ulichakacha, na mikwaruzo ilionekana kwa macho, ilihesabika. Mliosoma vizuri mmeshaelewa: mchakacho unaosikika na kuonekana ni dalili ya ukweli. Masikio yangu yalisikia, macho yangu yaliona, lakini hasira ilikuwa imeshaandika hukumu.

"Mwanangu, hii ni feki," nilisema, na sikunong'ona. "Tena feki ya kienyeji. Hata mwizi wa Ulaya anachapisha lebo. Huyu aliyemuuzia baba yako kaona uvivu, kabandika kwaya."

"Hakuuziwa, mama. Alipewa walipotoka kurekodi."

"Basi kamwulize vizuri."

Namkumbuka alivyoirudisha santuri kwenye mfuko. Hakubishana. Alinyoosha ule mfuko wa kaki, akaukunja mdomo, akasema "Asante, mama," akatoka. Wale akina mama wa Mkuyuni walitazamana. Nami nikamwita mteja anayefuata, na moyoni nikajisifu kwamba nimelinda heshima ya kazi.

Mdomo huponza kichwa, ndivyo tunavyosema. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine.

Mwaka ukapita. Nikastaafu, nikawaachia ninyi funguo, ingawa mnajua nilikuwa nakuja kila Jumanne kuwasumbua. Jumanne moja mkaniambia kuna mzee wa Ngerengere anataka kuuza santuri za baa yake ya zamani, nami nikasema nitakwenda mwenyewe, mgongo wangu bado haujastaafu.

Mzee huyo ni Masanja, Mnyamwezi aliyekuja na kazi ya reli akaishia kufungua baa. Ni mtani wangu, kwa hiyo hakunipa hata maji kabla ya matusi. "Mluguru umeshuka mlimani? Nani kakuonyesha njia?" Nikamjibu kwamba nimefuata harufu ya watu waliobebeshwa mizigo kutoka bara. Tukacheka, akanifungulia sanduku.

Santuri ya kwanza, lebo ya kwaya. Ya pili, kwaya. Ya tatu, ya nne, zote kwaya, zimebandikwa kwa mkono juu ya karatasi ya kaki.

"Masanja, baa yako ilikuwa inapiga kwaya?"

Loo, alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwaya gani? Zamani baa ilikuwa ni santuri, dada. Mwenye wimbo ambao wenzake hawana ndiye mwenye watu. Baa ya jirani walikuwa wanatuma mpelelezi, anajifanya mlevi, anasogea kwenye gramafoni kusoma lebo. Kesho yake ameagiza Nairobi. Wengine walikwangua lebo. Mimi nikaona kukwangua ni kuharibu mali. Nikawa nabandika kwaya kwa uji wa muhogo, naanza na kaki pana ili hata namba za kiwandani asizione. Nani aibe kwaya baa?"

Mzee Kibwana alinisimulia habari za lebo kukwanguliwa. Za kubandikwa sikuwahi kuzisikia, na kwa kuwa sikuzisikia, nilidhani hazipo. Nilimwuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Ulikuwa na ya Radi ya Mindu?"

"Nilikuwa nayo, haikuwa yangu. Aliniazimisha mpiga gitaa wao mwenyewe, Kosmas, wa Mkuyuni. Nilipofunga baa nikamrudishia na kwaya yake hivyo hivyo. Akasema ataiacha, haina neno, yeye anajua kilichomo."

Niliketi juu ya sanduku. Masanja akaona uso wangu, utani ukamtoka, sasa ndipo akaniletea maji.

Kesho yake alfajiri nilitoka mjini na pamba, chupa ya maji na gramafoni ya betri. Ninyi mlisema nipige simu kwanza. Simu ya nini? Mtu nimemwita muongo mbele ya watu, nimwombe radhi kwenye simu? Nilipanda bodaboda hadi Mkuyuni, nikauliza kwa Kobelo. Mwenye kuniuliza shida yangu nilimwambia ni yangu mwenyewe.

Thekla ndiye aliyenipokea uani. Alinitambua mara moja. Adabu haikumpotea, alitoa shikamoo, lakini hakunikaribisha kiti. Baba yake alikuwa kibarazani, mzee mrefu aliyekonda, fimbo katikati ya magoti, anachambua karafuu kwenye ungo.

"Shikamoo, mzee Kosmas. Mimi ni Mwanahamisi, yule wa santuri wa mjini. Nilisema santuri yako ni feki. Nimekuja kukwambia nilikosea."

"Marahaba," alisema. Akachambua karafuu kadhaa. "Wewe umejua leo?"

"Jana."

"Basi umenizidi kuchelewa kwa miaka arobaini na kitu. Mimi nilijua siku ile ile tuliyorekodi. Habari ya kwaya ningemweleza nani, na nimeshaitwa muongo?"

Thekla aliuliza tulikuwa tunazungumza nini. Nilimwomba alete santuri na maji ya vuguvugu. Alisita. Ilikuwa chini ya kitanda, akasema, tangu alipotoka kwangu haijaguswa na mtu. Akaileta.

Kazi ile niliifanya pale pale kibarazani, na sijawahi kufanya nyingine kwa mikono mizito vile. Unalowesha pamba, unaikamua, unailaza juu ya karatasi, unasubiri. Uji wa muhogo ni mwepesi kuachia kama una subira. Hukwangui. Kwanza kwaya ikaachia, kisha kaki ikaanza kuinuka pembeni, na kwenye ule utepe laini yakajitokeza maandishi ya ncha kali, namba saba yenye mkia na kistari kilichopinda. Mwandiko wa fundi yule yule niliouona kwenye santuri nyingine za kiwanda kile, maisha yangu yote. Ningeweza kuishia hapo. Niliendelea mpaka kaki yote ikatoka, na chini yake lebo halisi ikawa imelala nzima, rangi ya machungwa, majina ya wapigaji kwa herufi ndogo.

Nilimpa Thekla lenzi. "Soma mwenyewe. Mimi usiniamini tena."

Akasoma midomo ikicheza. Akarudia kwa sauti. "Gitaa la solo, K. Kobelo." Akaisoma mara ya tatu, kisha akapiga magoti mbele ya ule ungo, akaficha uso kwenye mapaja ya baba yake. "Nisamehe, baba. Nisamehe." Mzee alimpapasa kichwani kwa vidole vyenye harufu ya karafuu. Mimi nililia pia. Nilikuwa na miaka sitini na kitu, nimekalia kinu kwenye uwanja wa watu nisiowajua, na nililia.

Baadaye nikatoa kalamu, niandike uthibitisho na kutia saini. Mzee Kosmas akanizuia kwa fimbo.

"Karatasi ya nini? Neno lako la kwanza uliliandika?"

"Hapana. Nililisema."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu. Kulikuwa na akina mama wawili wa hapa."

"Mmoja anauza ndizi, mwingine anauza mafenesi. Kabla Thekla hajafika nyumbani siku ile, soko zima lilikuwa linajua. Leo ni siku ya soko." Akajiinua kwa fimbo. "Twende."

Tulishuka polepole, kwa sababu ya miguu yake, na kwa sababu ya yangu. Sokoni nikamwona yule mama wa ndizi, naye akaniona. Nikapanda juu ya kreti tupu la soda. Mnanijua, mimi nimewafokea watapeli wakubwa kwa wadogo, lakini pale nilitamani kushuka. Nikasema kwa sauti yote niliyobaki nayo kwamba mimi ni Mwanahamisi, fundi wa santuri wa mjini, kwamba nilimwambia binti ya Kosmas Kobelo kuwa santuri ya baba yake ni ya uongo, kwamba nilisema kabla ya kuichunguza, na kwamba ni ya kweli na yeye ndiye aliyepiga gitaa humo.

Mama wa ndizi akauliza, "Sasa wewe si ndiye mtaalamu? Ulikoseaje?"

"Kwa kiburi, mama. Sikuwa na sababu nyingine."

"Sema tena," mzee Kosmas aliniambia kutoka chini. "Shemeji yangu yuko kule kwenye mananasi, hajasikia."

Nikasema tena. Watu wakacheka, na safari hii kicheko hakikuwa juu yake. Nikafungua gramafoni niliyokuja nayo, nikaweka santuri na sindano, gitaa likatoka kwenye kile kispika kidogo, watu wakasogea. Ila Thekla hakungoja wimbo wa kwanza uishe. Aliinua sindano mwenyewe, akaichukua santuri, akaishika kwa kingo kama nilivyomwonyesha, akaanza kupita meza kwa meza, kuanzia kwenye mananasi. "Someni hapa. Usiguse, soma tu. K. Kobelo. Ni baba yangu."

Nilimwambia mzee, "Atachoka. Tumwite, watu wamesikia."

"Mwache," alisema. Alikuwa ameketi juu ya gunia la mihogo, anamfuata binti yake kwa macho. "Hao wengine walinicheka miaka yote, nilizoea. Yeye aliniamini tangu mdogo. Halafu siku ile alirudi kutoka kwako, akaniuliza, 'Baba, ulikuwa unatudanganya?' Ni huo mwaka mmoja tu ndio ulioniuma."

Nilikaa chini kando yake, tukamsubiri Thekla amalize soko zima.